Nilivyowasindikiza Wakwe kwa Boti Niliyoachiwa

Aibu yangu hii najua wengine mmeshaiona, maana kuna mtu aliipiga video, na mpaka leo nikiingia kanisani Fort Worth kuna kijana mmoja ananiita Kapteni halafu anageuza uso upande wa pili, kwa hiyo kuificha hakuna faida, bora niisimulie mwenyewe na nianzie pale inapoanzia, siyo pale video inapoanzia, kwa sababu video inaanza boti ikiwa tayari imekaa kiubavu kwenye mlango wa bandari kama ng'ombe aliyelala barabarani, na mtu akiona hivyo tu anaweza kudhani mimi ni mjinga wa siku moja. Hapana. Ujinga ule niliulea wiki tatu.

Mimi ni Mrundi, jina langu Zakariya, shule niliishia la tatu (na la tatu lenyewe halikwisha, mwalimu alikimbia vita kabla yetu), nikakaa kambini Kigoma miaka kumi na zaidi, ndiko nilikookota Kiswahili hiki, kisha tukaletwa Texas, mimi na mke wangu Yustina na binti yetu Spesi, tukapangiwa nyumba Garland. Nimebeba maboksi ghalani, nimetandika vitanda vya hoteli karibu na uwanja wa ndege kule Irving, mgongo ukakataa, mwisho nikapata kazi ya kuosha boti kwenye ziwa lililo mashariki ya Garland. Watu wengi hawajui kwamba boti zinaoshwa. Nilipomwambia dada yangu kwa simu kwamba kazi yangu ni kuosha kitu kinachokaa majini mchana na usiku, alidhani homa imenipanda kichwani.

Sasa pale gatini kulikuwa na mzee wa Kimarekani, mjane, jina lake Dale, anaishi kwenye boti yake. Na siyo boti kama zile nyeupe zenye pua iliyochongoka. Hii aliiunda mwenyewe kwa chuma, miaka sijui mingapi, akiiga boti alizoziona Ulaya kwenye mifereji, nyembamba na ndefu, kama behewa moja la treni lililokatwa likashushwa majini, rangi ya kijani, na ndani nikinyoosha mikono yangu miwili nagusa ukuta huku na huku, lakini urefu wake unatembea, unatembea: meza, jiko la kupikia, choo, kitanda, jiko la chuma la kuotea moto. Na haina usukani wa duara kama gari. Nyuma kuna mkono mrefu wa chuma, unausukuma. Ukumbukeni mkono huo.

Mwezi wa tisa mwaka 2018 Mzee Dale akaenda kubadilishwa goti, akaenda kukaa kwa binti yake mbali huko kaskazini mpaka apone, akaniambia, Zakariya, wewe na mkeo kaeni humu mpaka nirudi, boti isiyo na mtu inakufa. Akaniachia karatasi ya maagizo. Spesi akanisomea: injini iwashwe dakika kumi kila Jumamosi ili betri isilale. Mtu avue viatu mlangoni. Bata wasilishwe ndani (sikujua kama alishawahi kuwalisha ndani, lakini ikaonekana). Na la mwisho, ambalo alilipigia mstari mara mbili: kamba zisifunguliwe hata siku moja. Nikaapa. Nani afungue kamba? Mimi hata kuogelea sijui.

Niwaambieni ukweli, ile miezi majani yanapopukutika ilikuwa miezi mizuri. Asubuhi bata wanagonga chuma kwa midomo, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi (wiki ya kwanza Yustina alikuwa anawaitikia karibu). Majani mekundu yanaanguka juu ya paa, mimi nayafagia, moto unawaka kwenye jiko la chuma, maharage yako juu yake tangu alfajiri. Na Jumapili baada ya misa watu wanakuja, wa Garland, wa Fort Worth, wanakaa kwenye mstari mmoja kama abiria wa basi, maana upana haukuruhusu kuzunguka meza, na mtu wa mwisho akiomba chumvi inapita kwenye mikono ya watu saba na kila mmoja anajitilia kidogo, ikimfikia imekwisha. Tulicheka sana ndani ya behewa lile. Na wote hao walijua boti ni ya Mzee Dale. Sikumdanganya hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba uongo wangu wote niliutunza kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Melkiori wa Houston. Spesi alikuwa amepata mchumba huko, kijana anaitwa Inosenti, anafanya kazi hospitali, mpole, akikusalimia anashika mkono wake kwa mkono mwingine kama tulivyofundishwa. Kuuliza baba yake ni nani, nikaambiwa Melkiori. Yule Melkiori? Yule yule. Kambini Melkiori alikuwa katekista na alikuwa na baiskeli. Sijui kama mnanielewa nikisema baiskeli. Kambi nzima tunatembea kwa miguu, mimi nimebeba kuni kichwani, nyuma yangu nasikia kengele, kring kring, najiweka kwenye mtaro, Melkiori anapita na suti yake anasema, "Tumsifu Yesu Kristo," mimi niko mtaroni na kuni najibu, "Milele, amina." Hakuwahi kunikosea hata siku moja. Lakini kengele ile ilinikaa sikioni miaka yote, nikavuka nayo bahari.

Basi siku moja simu inalia, Houston.

"Zakariya! Nasikia siku hizi unakaa majini."

"Nakaa majini, mzee."

"Kwenye boti?"

"Kwenye boti."

"Boti yako?"

Nikasema, "Yangu."

Neno moja. Sikulipanga, lilitoka tu, kama chafya, na lilipotoka nikasikia utamu fulani mdomoni, na upande wa pili Melkiori akasema taratibu, "Haya. Basi tutakuja kuwaona huko huko, tuzungumze habari za watoto." Kwetu hiyo ndiyo safari ya kwanza, wazazi wa kijana wanakuja, wanakula, kisha baba anasema neno lake, anaomba apangiwe siku ya kuja rasmi kuomba binti. Neno lile lisiposemwa, hakuna posa, hakuna harusi. Binti yangu ana miaka ishirini na sita na hakuwa anakula vizuri tangu tarehe ya ugeni ipangwe.

Yustina aliposikia nimesema yangu, aliweka mwiko chini. "Rudi kwenye simu umwambie."

"Nitamwambia wakija."

"Utamwambia wakiingia au wakitoka?"

"Wakishakula," nikasema. Mtu aliyeshiba anasamehe.

Spesi yeye alinililia. "Baba, please. Waambie kabla hawajafika." Kila siku wiki tatu. Na mimi kila siku nasema kesho.

Ikafika Jumamosi yenyewe, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi jua, watu wamevaa mashati, lakini mnaijua Texas, mwezi ule upepo wa kaskazini unaweza kushuka saa yoyote na mtu aliyetoka na shati anatafuta blanketi. Na siku hiyo hiyo kulikuwa na mashindano ya kuvua samaki, boti nyingi zimetoka alfajiri na lazima zirudi kabla ya saa tisa, ukichelewa samaki wako hawahesabiwi. Kwa hiyo maegesho yetu yalijaa magari, wakwe wakaenda kuegesha ng'ambo ya bandari, wakazunguka kwa miguu mwendo mrefu na viatu vya kanisani, wamebeba makreti ya soda na bia. Walikuwa watano: Melkiori, mkewe Leokadia, Inosenti, na mashangazi wawili wa Inosenti, wanawake wa afya, kila mmoja alipokanyaga boti iliinama kumsalimia.

Kwetu sisi tulikuwa mimi, Yustina, Spesi, na rafiki yake Spesi, Wanjiru, nesi wa Kikenya kutoka Irving, ambaye alikuja kusaidia chapati na mdomo wake haujui kunong'ona. Na mimi nilikuwa nimevaa kofia ya Mzee Dale, ile nyeupe yenye nanga mbele. Yustina alisema vua. Sikuvua.

Wakavua viatu mlangoni, wakakaa kwenye mstari, wakala. Na chakula kilikuwa chakula: maharage, ndizi, sombe ya majani ya muhogo, nyama ya mbuzi. Lakini mambo hayakwenda. Melkiori alikuwa anakula kama mtu anayefanya mtihani. Leokadia amekumbatia mkoba wake mapajani, anaangalia dari, anaangalia madirisha ya shaba, anashusha macho. Namuuliza, mama, nikuongeze? Anasema, "Asante, mheshimiwa." Mheshimiwa! Mimi! Nikafikiri, wanaheshimu boti, lakini haijawatosha. Ndiyo akili yangu ya siku ile. Nikaanza kuwaeleza shaba ilivyo ghali kung'arisha, nilivyohangaika kuichagua rangi ya kijani (Spesi akainuka akaenda chooni, akakaa huko), na kila nilivyozidi kuongea ndivyo Melkiori alivyozidi kuwa mdogo kwenye kiti chake.

Halafu akafuta midomo, akasema, "Tumekula, tumeshukuru. Tuna safari ndefu ya kurudi Houston. Tutaomba njia."

Basi. Hakusema neno la watoto. Nikamwona Inosenti anamwangalia baba yake, nikamwona binti yangu aliyetoka chooni amesimama mlangoni kama mtu aliyesomewa hukumu. Hapo, jamani, hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Njia ilikuwa wazi. Lakini nilifikiri nikisema sasa kwamba nilidanganya, wataondoka wakimbie kabisa, dawa ni kuwapa heshima kubwa zaidi mpaka neno liwatoke. Na kwetu mgeni haachiwi mlangoni. Mgeni anasindikizwa, na kadiri unavyomsindikiza mbali ndivyo unavyomheshimu, na aliyekataa kusindikizwa kakutukana. Sasa gari lao liko ng'ambo ya maji.

Nikasema, "Mtatembeaje tena na miguu ile? Nitawasindikiza kwa boti."

Yustina alinifinya paja chini ya meza, kufinya kwa kweli, alama ilikaa wiki.

"Baba, no," Spesi akasema.

Wanjiru naye, "Mzee, uko sure? Wewe ushawahi ku-drive hii kitu?"

"Kila Jumamosi naiwasha," nikajibu, na hiyo ilikuwa kweli. Melkiori akasema haina haja, tusisumbuane, lakini alisema mara mbili tu, maana ya tatu ingekuwa matusi, akakaa chini, na mashangazi wakafurahi kwa sababu ya miguu yao. Viatu wakaviacha pale pale kwenye mlango wa nyuma, watavaa ng'ambo.

Nikawasha injini. Ikawaka mara moja, pu pu pu pu. Nikashuka gatini nikafungua kamba ya mbele, ya katikati, ya nyuma, nazikunja taratibu kama nilivyoona wenyewe wanavyofanya, nikaruka ndani, nikashika ule mkono wa chuma. Boti ikaanza kutoka. Nawaambia kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi mimi nilikuwa mfalme. Nilisikia kengele ya baiskeli na safari hii ilikuwa yangu.

Kumbe boti iliyofungwa haifungwi kwa kamba peke yake. Kuna waya mnene wa umeme unaotoka kwenye nguzo ya gatini kuingia ubavuni, na kuna mpira wa maji. Miezi miwili nilikuwa naufagilia majani waya huo kila siku. Siku hiyo sikuuona. Nikasikia boti inasita, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba, nikafikiri inataka nguvu, nikaongeza moto. Nguzo ikainama, ikaenda kama inatuaga, kisha paa! waya ukachomoka, taa zikazimika ndani, mashangazi wakapiga kelele, na mpira wa maji ukang'oka kwenye bomba, maji yakaruka juu kama mnara yakamwangukia Mmarekani mmoja wa jirani aliyekuwa anachoma nyama, yakamzimia jiko, akabaki ameshika koleo anatuangalia tunavyoondoka.

Nikasema nirudi. Na hapo ndipo upepo wa kaskazini uliposhuka, kama ulikuwa umejificha nyuma ya kilima unanisubiri. Kofia ya Mzee Dale ikaruka, nikaiona inaelea, bata wameizunguka. Boti ndefu ile upande wake wote ni ukuta, upepo ukausukuma. Nikataka kwenda kushoto, nikausukuma mkono kushoto, ikaenda kulia. Nikasukuma zaidi, ikaenda kulia zaidi. Mzee Dale alishaniambia kwamba mkono ule unafanya kinyume, nilikumbuka baadaye sana, nikiwa kitandani. Inosenti akapiga kelele, "Mzee, upande mwingine!" nami sikujua upande mwingine wa nini. Tukageuka kwa utulivu kabisa, kwa heshima, mpaka pua ikagusa ukuta wa mawe upande mmoja wa mlango wa bandari, na mkia ukagusa ukuta upande wa pili, krrr, na tukasimama. Tumeziba mlango kama kizibo cha chupa.

Mshtuko ule ukaangusha sufuria la maharage yaliyobaki. Liliteleza, likafika kwenye mlango wa nyuma, likamwagika lote ndani ya viatu vya Melkiori. Viatu vya wengine havikuguswa, nilivikagua.

Na nje, wavuvi wa mashindano wanarudi. Boti moja, tatu, kumi, sikuweza kuhesabu, zote zinapiga honi, saa tisa inakaribia, samaki wao wanangoja kupimwa na mlango umezibwa na behewa la kijani lenye Warundi ndani. Watu wakajaa gatini, simu juu. Shangazi mmoja ameanzisha rozari na mwenzake anaitikia kwa sauti ya kilio, mtu wa gatini anacheka, mwingine anatukana, Yustina amesimama ameweka mikono kiunoni hasemi kitu, na huyo mke wangu akinyamaza ndipo ujue pa kuogopa. Mimi nimeshika mkono wa chuma bado. Sikuuachia. Nilikuwa naona kama nikiuachia nitakufa.

Akaja askari wa ziwa na boti yake ndogo, mwanamke, miwani nyeusi, kipaza sauti mkononi. Akasema maneno. Kiingereza changu siku za hofu kinakimbia chote, na Spesi alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, kwa hiyo aliyetafsiri ni Wanjiru, na mdomo wake nimeshawaambia.

"Mzee! Anauliza hii boat ni ya nani!"

Ilisikika mpaka Dallas mjini. Mashangazi wakakata rozari. Melkiori, ambaye alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, akageuka akaniangalia. Leokadia akaniangalia. Nikaona jibu la uongo liko karibu kabisa, ni lile lile neno moja, na nikilisema mwanamke yule ataandika jina langu kwenye karatasi kuwa mwenye boti, nami nitakuwa nimemwibia Mzee Dale nyumba yake wakati amelala na goti jipya. Na nikisema ukweli, binti yangu nimemvunjia harusi mbele ya boti zote hizi na honi zote hizi.

"Mzee, nimwambieje?" Wanjiru akauliza, safari hii pole pole.

Nikauachia mkono wa chuma. Nikasema, "Mwambie siyo yangu. Mwambie niliachiwa niilinde." Halafu nikamgeukia Melkiori, maana nilishaanza. "Siyo yangu, bamwana" (hivyo ndivyo wazazi wa pande mbili wanavyoitana kwetu, nami nilikuwa bado sijapewa haki ya kumwita hivyo). "Nilikudanganya kwenye simu. Mimi ninaziosha. Hata kofia haikuwa yangu."

Nyinyi mmeshawahi kusikia kimya chenye honi ndani yake? Ndicho kilichokuwepo.

Kisha nikasikia sauti kama kuku anayekohoa. Ni Leokadia. Amekaa kwenye ngazi, mkoba umeanguka, kilemba kimeteleza mpaka sikioni, anacheka mpaka machozi. "Siyo yake!" anasema. "Melkiori, umesikia? Siyo yake! Asante Mama Maria, siyo yake!"

Mimi nikafikiri mshtuko umemgusa akili. Lakini Melkiori naye akashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia, akakaa chini pale pale kwenye maji ya maharage. Akasema, "Zakariya, unajua tumesafiri kutoka Houston na nini? Na hofu. Njia nzima tunajiuliza, tutamwombaje binti wa mtu mwenye meli? Mimi ni mfagiaji wa shule. Tukasema tutakula, tutashukuru, tutaondoka, tutamwambia mtoto atafute kwa watu wa kadiri yetu."

"Ndiyo maana hukusema neno?"

"Nilimeza. Wewe na shaba zako, na rangi ya kijani uliyoichagua, ningelisemea wapi?"

Nikataka kulia na kucheka kwa pamoja. Wiki tatu naubeba uongo ule ili nimpate mkwe, kumbe ndio ulikuwa unamfukuza.

Leokadia alikuwa bado anajifuta macho. "Na wewe mwambie habari ya baiskeli," akamwambia mumewe.

"Mama Inosenti, nyamaza."

"Mwambie! Leo ni siku yake." Akanigeukia mwenyewe. "Ile baiskeli ya kambini mliyokuwa mnaipishia njia. Ilikuwa ya parokia. Kila jioni anairudisha kwa padri, anatembea kwa miguu kuja nyumbani akipitia vichakani watu wasimwone."

Melkiori akaangalia maji. "Hakuna aliyeniuliza," akasema.

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka yule askari akamuuliza Wanjiru kama nahitaji daktari. Wakatufunga kamba, wakatuvuta kinyumenyume mpaka mahali petu, wavuvi wakapita wakitupungia, wengine kwa ngumi. Nikaandikiwa karatasi ya onyo, na mkubwa wa bandari akanipa adhabu ya kupaka rangi nguzo zote za gati, siyo ile niliyoipinda peke yake, na yule Mmarekani wa jiko nikampelekea nyama yetu ya mbuzi, akaila akarudi kuuliza kama ipo nyingine. Mzee Dale nilimpigia jioni hiyo hiyo, Spesi akitafsiri. Nikamweleza yote. Kisha akauliza injini iliwaka mara ya kwanza? Nikasema mara ya kwanza. Akasema, vizuri. Halafu akaongeza maneno ambayo Spesi alikataa kuyatafsiri.

Lakini kabla ya simu hiyo niliwasindikiza wakwe. Kwa miguu. Tulizunguka bandari nzima na upepo ule, Melkiori amevaa ndala zangu, viatu vyake viko kwenye mfuko wa plastiki na maharage yake, mimi peku, na katikati ya njia akasimama, akakohoa, akavuta koti lake likae sawa, akasema lile neno. Hapo hapo, kwenye maegesho, katikati ya magari ya wavuvi. Akaomba tumpangie siku. Nikampangia kabla hajamaliza sentensi, na Spesi aliyekuwa nyuma yetu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu akiwa mtoto.

Siku hiyo ikafika mwaka uliofuata, ukumbini Garland, watu wengi, wa Houston walikuja na mabasi mawili. Mnajua shughuli zetu, hotuba ndizo zenyewe, upande wao unaomba, upande wetu unajifanya haujui wamefuata nini. Melkiori akasimama na suti yake, akasema, "Kabla sijaomba, bamwana, nina swali moja, kwa sababu wewe nakufahamu." Watu wameshaanza kucheka, video wameiona. "Huyu binti tunayemwona hapa. Ni wako?"

Nikasimama. Nilikuwa na hotuba nzima, Spesi alikuwa amenirekodia kwenye simu nikaikariri, yote ikapotea. Nikamwangalia binti yangu na nguo zake zile, nikakumbuka njia zote tulizopita naye, nyingine nimembeba mgongoni.

Nikasema, "Hapana, bamwana. Niliachiwa nimlinde."

Kicheko kikakatika. Melkiori akavua miwani yake akaifuta ingawa haikuwa na kitu. Nikakaa, na Yustina akanifinya paja chini ya meza, pale pale pa siku ile, lakini safari hii hakuwa ananinyamazisha.

Boti sijapanda tena. Kuziosha naziosha, kutoka nje, miguu yangu ikiwa gatini. Na nikiulizwa kitu ni cha nani, hata kama ni koti nimelivaa, nalivua kwanza nalitazama ndani ya kola ndipo nijibu.